Umeipokea kwa Nani? Kuhakiki Mafunzo ya Siri ya Pwani ya Kusini

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Mikindani, aliingia mtaani kwetu bwana mmoja mgeni. Alivaa vizuri, alisema kwa upole, akawaambia vijana kwamba anayo elimu ya kuamsha nguvu iliyolala ndani ya kifua: namna ya kuvuta pumzi, namna ya kuizuia, na maneno ya kutaja kimoyomoyo wakati pumzi imezuiwa. Masharti yake yalikuwa mawili tu: ulipe kwanza, na usimwambie mtu. Vijana tulivutika, mimi nikiwamo, sikatai. Babu yangu akamwita barazani, akampa kahawa, kisha akamwuliza swali moja.

“Shehe, hii umeipokea kwa nani?”

“Hiyo ni siri, mzee wangu.”

“Maneno yawe siri, nakubali. Na mtu naye awe siri?”

Mgeni akacheka, akageuza mazungumzo. Kabla wiki haijaisha alikwishahama, na ada za wenzangu akaenda nazo.

Wakati ule nililichukulia swali la babu kuwa ni ujanja wa wazee tu. Baadaye, nilipoanza kusoma uhakiki, niliona kwamba mzee yule alikuwa ametangulia mbele ya vitabu vyetu vingi. Makala haya yananuia kulichukua swali lake kama kipimo, na kukijaribu kwa matini tatu zinazoihusu pwani yetu ya kusini: zikri ya twarika ya Kadiriya, ile “barua ya Makka” iliyozuka Lindi mwaka 1908, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Dai letu ni hili: siri ya kweli huficha maneno na kuwaweka watu wazi, siri ya kughushi huwaficha watu na kuyatawanya maneno.

Siri yenye majina

Tuanze na zikri, maana hiyo ndiyo elimu ya pumzi yenye mizizi hapa kwetu. Aliyewahi kusimama nje ya hadhara usiku wa maulidi anajua: safu za watu, miili inainama na kuinuka pamoja, jina la Mungu linatajwa mpaka herufi zinayeyuka na kubaki pumzi nzito itokayo kifuani, karibu na kukohoa. Asiyejua huona ni vurugu. Muridi anakuambia kila pumzi ina mahali pake, na moyo ndio unaofanyiwa kazi.

Kadiriya ilienea pwani ya Afrika Mashariki hasa kwa juhudi za Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, aliyepata idhini yake Baghdad, akafundisha Unguja, na kuuawa huko Somalia mwaka 1909. Kutoka kwake na kwa wengine zilitoka ijaza, yaani idhini za kufundisha, zikapita mkono kwa mkono mpaka bara na mpaka kusini ya Ruvuma.

Sasa tuitazame ijaza kama matini. Nyuradi zenyewe, idadi ya kuzisoma, namna ya kuvuta pumzi: hayo muridi hupewa na sheikh wake kwa kipimo, na mengine hayaandikwi. Lakini silsila, yaani mlolongo wa majina kutoka kwa sheikh huyu hadi kwa yule, hadi kwa Abdulkadir Jilani wa Baghdad aliyefariki mwaka 1166, na kuendelea juu, hiyo husomwa kwa sauti mbele ya watu. Yaliyofichwa ni mafunzo. Walioyafundisha wametajwa wote.

Msomaji mkali atasema: silsila si inaweza kughushiwa pia? Inaweza. Tena watafiti wanajua kwamba viungo vya zamani vya silsila nyingi vina mapengo. Lakini hebu tuangalie tofauti. Anayetaja jina amekupa njia ya kumkamata. Ukisema umefundishwa na fulani wa Bagamoyo, nitakwenda Bagamoyo nikaulize. Asiyetaja mtu amekunyang'anya hata njia ya kumtilia shaka. Kwa hiyo silsila si uthibitisho wa ukweli; ni utayari wa kuulizwa.

Wala kipimo hiki hakipendelei wakubwa, kama wengine wanavyodhani. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, akaja kuwa khalifa mkubwa wa Kadiriya Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 1931. Kwa nasaba ya damu angebaki nje ya mlango. Kwa nasaba ya elimu alikuwa na jina la kutaja, na watu wakamfuata.

Jando na unyago vinafuata kanuni hiyohiyo. Yasemwayo kumbini hayasemwi sokoni. Lakini nyakanga ni nani, somo wa binti fulani ni nani, kijiji kizima kinajua. Binti akiharibikiwa, wazee wanajua mlango wa kubisha.

Barua isiyo na mtu

Katikati ya mwaka 1908, miaka mitatu tu tangu Vita vya Majimaji vilipoanza, ilizuka Lindi barua iliyosemekana imetoka Makka. Msimulizi wake ni Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume. Anasimulia kwamba alimwona Mtume ndotoni, akiwa na huzuni kwa dhambi za umati wake. Dunia iko ukingoni, watu watubu, wasali, waache zinaa na ulevi. Kisha inakuja sehemu ambayo kila msomaji aliikumbuka: atakayeinakili na kuipeleka mji mwingine atapata uombezi, na atakayeipuuza atapata hasara.

Barua ilinakiliwa, ikasafiri. Misikiti ikajaa. Serikali ya Kijerumani, ambayo bado ilikuwa na hofu ya Majimaji, ikaona ni njama ya uasi. Ikaisaka na kuitafsiri, na mwaka 1911 mtaalamu wao wa Uislamu, Carl Heinrich Becker, akaichapisha na kuichambua. Mwaka 1969 mwanahistoria B. G. Martin aliihusisha barua hiyo na mtandao wa Kadiriya. Watafiti wa baadaye wamekuwa waangalifu zaidi.

Hapa ndipo mwanafasihi anapohitajika, maana wote hao walikuwa wakimtafuta mwandishi kabla ya kuusoma utanzu. Jamani, huu ni utanzu! Mdachi Christiaan Snouck Hurgronje alikwishaandika mwaka 1884 juu ya wasia wa aina hiihii uliokuwa ukizunguka visiwa vinavyoitwa leo Indonesia. Na baada ya Lindi wasia haukukoma. Umepita katika karatasi za kudurufu, na leo unapita katika simu zetu, pamoja na vitisho vyake. Sheikh Abdulaziz bin Baz, mufti wa Saudia aliyefariki mwaka 1999, aliandika risala nzima ya kuukanusha. Mlinzi wa kaburi ni yuleyule Sheikh Ahmad, ndoto ni ileile, na dunia iko ukingoni palepale. Hachoki kulala mzee huyu?

Tukiipima kwa swali la babu, barua inaanguka mara tatu. Kwanza, watu wameiita ya Makka ilhali kaburi la Mtume liko Madina. Yaani hata mahali ilikotoka pametajwa ovyo. Pili, kati ya Sheikh Ahmad na mkono ulioileta Lindi hakuna jina hata moja. Ni silsila yenye kichwa na mkia bila kiwiliwili. Tatu, inageuza kanuni yote ya mafunzo ya siri: maneno yanatakiwa yafike kila mji, bali wenyewe hawaonekani. Na kwa vile haina mtu wa kuidhamini, inajidhamini kwa kitisho. Ijaza humwambia muridi: huyu ndiye aliyenipa. Barua inamwambia msomaji: ole wako ukiuliza.

Tusiwacheke lakini waliosali kwa sababu yake. Toba yao ilikuwa toba kweli. Kusini ilikuwa imetoka katika vita na njaa. Watu waliohitaji sauti ya kuwaambia kwamba dhuluma ina mwisho hawakuwa wajinga. Tunachohukumu hapa ni matini, na waliotubu hawamo kizimbani.

Maji na mashaka ya Kitunda

Hadi hapa kipimo chetu kinafanya kazi vizuri, vizuri kupita kiasi. Sasa tukijaribu pale kinapouma.

Kinjikitile Ngwale wa historia hakuwa mtu wa kufichwa. Alikaa Ngarambe, na kuanzia mwaka 1904 watu walimwendea kwa makundi, wakamwona kwa macho, wakapokea maji mkononi mwake. Habari ilipita kwa minong'ono, lakini kila mnong'ono ulielekeza mahali na mtu. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwa swali la babu, “umeipokea kwa nani?”, askari wa Umatumbi alikuwa na jibu safi. Na bado, tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya bunduki za rashasha za boma la Mahenge, maji hayakuzuia risasi. Wajerumani walikadiria waliokufa katika vita na njaa yake kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikisha hesabu kati ya 250,000 na 300,000.

Basi uhalisi na ukweli si kitu kimoja. Mafunzo yanaweza kuwa halisi, yametoka kwelikweli kwa aliyesema ameyapokea, na bado yakakuua. Ufa huu ndio aliousimamia Ebrahim Hussein.

Wahakiki wengi wa madarasani husema: maji yalikuwa uongo, lakini yaliwaunganisha watu, mwisho wa insha. Usomaji huo ni mwepesi mno. Hussein hakumchora Kinjeketile kama tapeli. Anaburutwa mtoni mbele ya watu, anatoka mkavu, anasema akiwa amepandwa. Anaamini. Msiba wake unaanza anapogundua kwamba maneno aliyoyatoa yalimweka tena mtu wake chini ya Seyyid Said, yaani mabwana wapya mahali pa mabwana wa sasa. Anajiuliza swali la babu, anajiuliza yeye mwenyewe: hii nimeipokea kwa nani? Na hana jibu.

Kitunda, anayewafundisha watu vita, ndiye mhakiki ndani ya tamthilia. Hayakatai maji. Anauliza kama watu wako tayari, kama wana silaha, kama wanajua kupigana. Anauliza mambo ya chini, ya mikono na miguu. Lakini neno limeshamtoka mwenyewe. Watu hawangoji tena ruhusa yake, wanaingia vitani. Kwa maneno yetu, ijaza imegeuka barua. Mafunzo yaliyokuwa na mtu yamekuwa maneno yanayotembea peke yake, na anayeuliza anaonekana msaliti.

Hata katika historia, kadiri maji yalivyosafiri mbali na Ngarambe ndivyo yalivyopita katika mikono ya wachukuzi wengi. Misheni ya Masasi ilichomwa mwaka 1905. Lakini Wamakonde wengi wa uwandani hawakujiunga, na Matola wa Newala alibaki upande wa Wajerumani. Tusimfanye Matola mhakiki bora. Alikuwa na hesabu zake za kisiasa. Tunachosema ni kwamba huku kwetu maji yalifika bila Kinjikitile, na watu wakayapima kwa mizani nyingine.

Mwisho wa tamthilia unatatiza zaidi. Kinjeketile akiwa kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wengi tunampigia makofi. Mimi namwelewa, ila makofi nayazuia kidogo. Anawaachia wajukuu neno, na pamoja na neno anawazuilia swali. Kitunda aliye kando yake alistahili jibu kuliko watoto ambao hawajazaliwa. Wenzangu watakaopinga wanakaribishwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali la babu lina kazi yake na lina mpaka wake. Linatenga siri yenye wenyewe na siri ya kughushi. Halituambii kama maji yatazuia risasi, wala kama pumzi itasafisha moyo. Kwa hilo linahitajika swali la Kitunda: tuonyeshe, hapa, kwa vitendo, kabla mtu hajafa. Mwalimu anayekubali swali la kwanza na kukimbia la pili ni halisi lakini ni hatari. Anayekimbia yote mawili, mpe kahawa yake aende.

Na sisi wa vyuoni tusijione tuko nje ya jambo hili. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Majimaji kwa wazee. Wengine baadaye walipinga tafsiri zilizotolewa, ile ya umoja wa kitaifa hasa. Waliweza kupinga kwa sababu wanafunzi wale waliandika majina ya wazee waliowasimulia. Ile nayo ilikuwa silsila. Leo tunasoma makala yanayosema “wataalamu wanasema”, “imethibitishwa”, pasipo mtu nyuma yake, tunayanakili na kuyapeleka mji mwingine. Mwalimu akituuliza darasani tumeyapokea kwa nani, wangapi tutaweza kujibu?

Babu alifariki kabla sijamaliza mwaka wa kwanza. Swali hili nimelipokea kwake.