Mto Ushukao Unguja: Maji katika Kinjeketile

Wahakiki wengi wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, huyasoma maji yake kama ishara ya imani. Usomaji huo si batili, ila humfanya msomaji ausahau mto wenyewe.

Kinjeketile wa historia alikuwa mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro, mji mkongwe wa kusini mwa delta ya Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905. Hussein ametahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake si mtu yule hasa. Hata hivyo amemwachia mto wake. Huko Rufiji mafuriko hayakuwa balaa tupu. Maji yakipwa huacha tope lenye rutuba, na wakulima hupanda humo kwa kilimo wakiitacho mlau. Kwa hiyo wanawake wanaponung'unikia njaa mwanzoni mwa tamthilia, ilhali waume zao wanatumikishwa katika shamba la Mjerumani, uchungu wao ni mkubwa zaidi: wana njaa kando ya mto unaolisha. Si ajabu ukombozi ukatazamiwa kutoka majini.

Lakini mto huo huishia baharini. Kwa milango yake, kama Msala na Simba Uranga, majahazi yalichukua boriti za mikoko hadi Unguja na Arabuni. Mwenye kuikumbuka njia hiyo hatashangaa Kinjeketile, akiwa amepandwa na Hongo, anapotangaza kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani aliyefariki mwaka 1856. Utabiri huo haukupachikwa ovyo. Umefuata mkondo wa maji na wa biashara.

Anapozinduka, nabii mwenyewe hushtuka: je, bwana mmoja aondolewe ili mwingine akaribishwe? Hapa ndipo penye ubora wa tamthilia, na ndipo penye upungufu wake pia. Vita vikishakaribia, mabishano yanageukia nguvu ya maji mbele ya risasi, na swali la bwana mpya halipati jibu. Gerezani Kinjeketile anakataa kuyakana maji, asije akawavunja moyo watakaozaliwa. Kuhusu Sultani hasemi neno.

Msomaji wa visiwani hana budi kulipokea swali hilo kama lake, kwani mto umelifikisha mlangoni pake.