Majina Yaliyomo Daftarini

Kila mwaka, mwezi wa Januari, sisi walimu wa shule za msingi hapa Babati huketi mezani na daftari jipya, na wazazi husimama mbele yetu wamewashika watoto wao mikono. Twauliza jina la mtoto, twaandika. Twauliza jina la baba, twaandika. Kisha twauliza jina la ukoo, na hapo maneno hukwama. Baba hututazama, huinua macho darini, hatimaye hutaja jina la babu yake mtoto, nasi twaliandika kana kwamba ndilo tuliloliuliza. Miaka kumi na miwili tumefanya hivyo bila kujisumbua. Leo twataka kulilaumu daftari lile, pamoja na mkono uliolijaza, ambao ni mkono wetu wenyewe.

Aliyetuamsha usingizini ni kijana mmoja tuliyemfundisha zamani. Alitujia na karatasi tatu: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya msingi, na cheti cha kidato cha nne. Baba yake huitwa Tluway. Karatasi ya kwanza ilisema Tluway, ya pili Tuluwai, ya tatu Tlway. Mahali alipoomba kazi aliulizwa ni yupi kati ya watu hao watatu aliyekuja. Akaenda kuapa mbele ya wakili, akalipa, akangoja, na siku za kupokea maombi zikapita. Ile Tuluwai ni kazi yetu. Tuliitambua mara tulipoiona.

Kwa nini tuliandika hivyo? Kwa sababu masikio yetu yamefundwa kwa herufi za Kiswahili, na Kiswahili hakina sauti ile. Mwanzo wa neno Tluway si t inayofuatwa na l; ni sauti moja tu, ipasukayo kwa nguvu pembeni mwa ulimi. Wageni husikia sauti mbili, huona hazikai vizuri pamoja, basi hutia irabu katikati ili wapate pumzi. Kiiraqw kina sauti nyingine za namna hiyo, kama ile ya sl ambayo wasomaji wa habari huitamka vibaya kila wanapomtaja Wilbrod Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010. Kina pia hh inayotoka kooni, na nyingine ya koo ambayo huandikwa kwa mstari wa mshazari. (Jambo la kuchekesha ni kwamba sauti hizi mbili za koo zina herufi zake katika maandishi ya Kiarabu, ambayo Waswahili waliyatumia kabla ya hizi za Kizungu. Mwalimu wa chuoni wa zamani kule pwani angaliweza kuandika baadhi ya majina ya Mbulu kuliko sisi tuliosomea ualimu.)

Basi tluway, kwa Kiiraqw, ni mvua. Tulipoandika Tuluwai hatukukosea herufi tu; tuliitoa mvua katika jina, tukaacha mlio usio na maana. Msomaji atamkumbuka Frederick Tluway Sumaye, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu tangu 1995 hata 2005. Nchi nzima ilimwita Sumaye kwa miaka kumi, nayo mvua ikakaa katikati ya jina lake bila kuulizwa habari.

Wala si Wairaqw peke yao walioikumbuka mvua. Msukuma aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Mjaluo ni Okoth akiwa mwanamume, Akoth akiwa mwanamke. Wakalenjin wa Kenya husema Kiprop na Cherop. Na kule Butiama, mwaka 1922, mtoto aliyezaliwa siku ya mvua alipewa jina Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua kwa Wazanaki. Ndiye aliyebatizwa Julius mwaka 1943. Lugha hizi si za jamaa moja. Kisukuma na Kizanaki ni za Kibantu, Kijaluo na Kikalenjin ni za Kiniloti, Kiiraqw ni cha Kikushi. Hatudhani kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Watu wenye mashamba na mifugo, wakitazama mawingu mwaka mzima, watawezaje kusahau siku ambayo mvua na mtoto vilifika pamoja?

Mji wetu una bahati, maana mambo ambayo wengine huyasoma vitabuni sisi tunayo sokoni. Hapa chini ya mlima Kwaraa hukutana Wagorowa, walioitwa Wafiomi katika maandishi ya Wadachi, na Wairaqw, Warangi, Wabarbaig, na wengine waliokuja baadaye. Wabarbaig na Wadatoga wenzao wana utaratibu unaotupendeza sana: jina la mwanamume huanza kwa Gida, la mwanamke kwa Uda. Ukilisikia jina tu umekwisha kujua kama ni mwana au binti. Wakalenjin nao wana Kip na Chep, na hao kwa kweli ni jamaa wa mbali wa Wadatoga kwa lugha. Yule mkimbiaji Gidamis Shahanga, aliyeshinda mbio ndefu za marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, alibeba alama ya watu wake mwanzoni mwa jina lake. Walakini kwa desturi ya magazeti ya Kizungu akaitwa Shahanga tu, na alama ikaachwa nyuma.

Hapo twarudi kwenye ile nafasi ya tatu ya daftari. Neno “jina la ukoo” hutuuliza kitu ambacho wengine wanacho na wengine hawana. Wenzetu Wachaga waliohamia hapa hawasumbuki: Massawe, Mushi, Lyimo, Temu, hayo ni majina ya koo kwelikweli. Kwa wengi wetu sivyo. Koo tunazo, tena twazijua, lakini hatuziti majina yetu. Mtu ana jina lake, lililotoka katika habari za kuzaliwa kwake, kisha hutajwa kuwa ni mwana wa fulani. Tukilazimishwa kujaza nafasi, twalichukua jina la babu, nalo likiisha kuingia katika vyeti haliondoki tena. Tazama jina Nyerere. Lilikuwa jina la mzee mmoja, Nyerere wa Burito, aliyepewa kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Mwanawe hakuzaliwa wakati wa viwavi, wala wajukuu wake. Hata hivyo wote huitwa viwavi. Jina lililokuwa habari ya mwaka mmoja limekuwa chapa.

Hatusemi kwamba hilo ni ovu. Waingereza nao walipita njia hiyo katika karne zilizofuata mwaka 1066: Smith alikuwa mhunzi, Johnson mwana wa John, na leo Smith aweza kuwa daktari wa meno. Waturuki waliamriwa kwa sheria mwaka 1934 kila jamaa ichague jina, na Mustafa Kemal akapewa Atatürk, yaani Baba wa Waturuki. Lakini msomaji asidhani ya kuwa maendeleo hayapatikani pasipo jina la ukoo. Watu wa Iceland walizuia kwa sheria ya mwaka 1925 kujitungia majina mapya ya jamaa. Wengi wao hata leo hutumia jina la mzazi. Rais wao wa tangu 1980 hata 1996, Vigdís Finnbogadóttir, ni Vigdís binti Finnbogi, sawasawa na Siti binti Saad wa Unguja. Serikali yao haikuanguka kwa hilo, wala vyeti vyao havikupotea.

Tumesikia wengine wakitupa lawama zote juu ya majina ya ubatizo. Sisi hatukubaliani nao, ila twaona kwamba jambo moja limepotoshwa. Mzazi mmoja wa pacha alituambia kwamba alilikataa jina Doto kwa cheti cha mtoto wake, akisema halina dini, akachagua Tomaso. Hakujua kwamba Tomaso, kwa Kiaramu, ni pacha, ndiyo maana Injili ya Yohana humwita pia Didimo, ambalo ni pacha kwa Kiyunani. Amemwita mtoto Doto kwa lugha ya mbali! Petro naye ni Kefa aliyefasiriwa, jiwe kwa jiwe. Waandishi wale wa kale hawakuliogopa jina lenye maana; walilivusha toka lugha hata lugha ili msikiaji asikose maana yake. Sisi tumevusha mlio tu.

Mwaka huu tumebadili kazi yetu kidogo. Tumemwomba mwalimu mwenzetu, Mwiraqw, akae mezani pamoja nasi. Mzazi akitaja jina, yeye hulirudia, kisha huliandika kwa herufi zake zote, nasi twanakili. Hufanya foleni kuwa ndefu, na mwalimu mkuu amekwisha kutuuliza mara mbili kwa nini tunachelewa. Juu ya nafasi ya tatu tumeandika kwa kalamu, “jina la babu”. Mama mmoja Mbarbaig alipoambiwa hivyo alitaja jina la babu, na la baba wa babu, na la baba yake huyo, akaendelea hata la saba, nasi hatukuwa na mahali pa kuyaweka. Tumeyaandika pembeni mwa ukurasa.