Sifa za Manju

Katika nchi ya Wasukuma, tangu mbuga za Shinyanga hata vilima vya Geita vyenye dhahabu, iko kazi isiyo na cheti wala mshahara wa mwisho wa mwezi, ambayo hata hivyo humpa mwenyewe jina la kuvuka mipaka ya wilaya: nayo ni kazi ya manju, ambaye wenyeji humwita ningi.

Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wao wakagawanyika, hawa Bagika na hawa Bagalu, na mgawanyiko huo ungali hai. Sharti la mashindano yao ni zito: baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Hapana kadhi, hadhira hutoa hukumu kwa miguu. Manju aonaye watu wa ubavuni wakianza kugeuza shingo hana muda wa kutafakari, bali ni lazima papo hapo achomoe ubeti mpya, wa mzaha au wa kuchoma, au awaashirie wachezaji wabadili mwendo, kabla hajabaki na jamaa zake peke yao. Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka, huleta chatu uwanjani. Sijui kama chatu ni ushairi, lakini watu hubaki.

Nami naustahi zaidi ustadi wa manju shambani. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na mwimbishaji, kama hakuyasoma mapema maungo ya wakulima, akauharakisha wimbo jua likiwa utosini, safu huvunjika na kazi husimama. Akiupima vema, ekari ya pamba hupaliliwa ilhali watu wanadhani wanacheza.

Siku hizi manju wengi hurekodi studio, kinanda cha umeme kikishika nafasi ya ngoma, na nyimbo zikienea kwa simu. Sina ugomvi na hilo, maana mtu hali sifa. Ila studio haina kikundi cha pili ng'ambo ya uwanja.

Riziki nyingine hutoka kwa matajiri wapendao kusifiwa, na Geita hawakosekani. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, aliyepata mawe mazuri hutunza noti mbele ya kaumu ili jina lake litajwe. Lau ningekuwa manju, jina hilo ningelipachika katika ubeti unaoweza kung'olewa pasipo kuuharibu wimbo, maadamu dhahabu hukatika ghafla, na mwakani huenda mwenye noti akawa mtu mwingine.