Heko, Mafundi wa Grogan

Tuwape heko mafundi wa jua kali wa Grogan, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na wenzao wa gereji za Westlands. Wapelekee Volkswagen kobe ya miaka ya 1950, iliyotoka kiwandani na umeme wa volti 6, na hawatakushauri uiuze kama chuma chakavu.

Wanaanza na umeme. Dainamo inatoka, oltaneta inaingia. Betri, balbu na koili zinabadilishwa ziwe za volti 12. Hapo ndipo simu itachajiwa na redio ya Bluetooth itaimba, imefichwa ndani ya kisanduku cha dashibodi ili sura ya zamani isiguswe. Fundi mwenye akili haongezi nguvu ya injini kabla ya breki: kwanza diski za mbele na mikanda ya usalama, starehe baadaye. Tena hatoboi ovyo, maana bodi ikishatobolewa imetobolewa.

Tangu 1970, mashindano ya Concours d'Elegance jijini Nairobi yamewatuza wenye magari yanayopendeza. Kikombe hubebwa na mwenye gari, jasho ni la fundi. Mlipe ujira wake kamili, na ukisifiwa, mtaje kwa jina.