Kitabu cha Padri Tempels na Shirika Zetu

Kitabu tunachotaka kukipima hapa si kipya. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alikitoa Léopoldville mwaka 1962, kwa Kifransa, akakiita Notre rencontre, maana yake Kukutana Kwetu. Waseminari wengi wamjua kwa kitabu kingine, La philosophie bantoue cha mwaka 1945, kwani walimu wa filosofia hawachoki kubishana juu yake. Hiki cha pili husahauliwa. Walakini sisi tunaotumwa kukuza paroki, tungepata faida zaidi katika hiki.

Mwandishi asimulia kushindwa kwake mwenyewe, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu. Alifika Katanga mwaka 1933, akajiona ni mkubwa aliyekuja kufundisha. Alihubiri, akaamuru, watu wakaitikia ndiyo, kiisha wakarudi katika mambo yao. Basi akajaribu njia ya pili: kuchunguza desturi na mawazo yao, apate maneno ya kuwaingilia moyoni. Hata hapo alikuwa bado mwindaji anayefwata nyayo. Mambo yaligeuka siku alipoacha kujiuliza atawapa watu nini, akawauliza: Ninyi ni nani? Mwatamani nini? Wakamjibu: uzima, uzazi, mapendo. Naye akaona kwamba yeye padri atamani yale yale, na kwamba Kristu ndiye anayeyatimiza kwa wote.

Kwa kukutana kule ilizaliwa Jamaa, yapata mwaka 1953, katika kampi ya wafanyakazi wa mgodi ya Musonoi, karibu na Kolwezi. Tukumbuke kampi ilikuwa nini: watu wa makabila mengi, mbali na wazee wao, kila nyumba na mlango wake, mume akiongozwa na saa ya kampuni. Pale bwana na bibi walijifunza kuzungumza pamoja juu ya Mungu, kiisha wakawaita wengine. Hakuna aliyewapa mshahara, na Jamaa ikaenea mpaka kampi nyingine na miji mingine.

Hapo twamsifu mwandishi bila kusita. Lakini tuseme pia tunaloliona ni pungufu. Njia yake yapita katika ndoa, baba na mama wakizaana kiroho. Je, mjane? Je, kijana asiye na mahari? Je, mama aliyeachwa na watoto wanne? Hao ndio wengi katika kartie zetu, hasa tangu vita vilipoanza mwaka 1996, na kitabu hakiwaambii neno la kutosha. Tena, kukutana kukiisha kuwa mafundisho ya ngazi kwa ngazi, wanaojua wajitenga na wasiojua. Ndivyo ilivyotokea. Baada ya Padri Tempels kurudi Ulaya mwaka 1962, vikundi vingine vilipotea, vingine vikaitwa Katete, na Maaskofu walilazimika kuvikemea. Hatusemi kosa lote ni la mwandishi. Hata hivyo, mtu akisoma kwa makini aona kwamba mlango wa kuingia umeelezwa vizuri sana, mlango wa kutoka kwenda kwa jirani umeelezwa kidogo.

Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya hai za Wakristu kuwa njia ya kazi yao. Ndizo tunazoziita leo shirika. Zina kitu ambacho Jamaa ilikosa: huchukua watu kwa barabara wanayokaa, mjane pamoja na mwenye ndoa, fundi wa baiskeli pamoja na mwalimu. Lakini je, watu hukutana humo? Tumekaa katika shirika ambamo sala ilikwisha upesi, na saa nzima ikaliwa na madeni ya michango, na nani hatapata karatasi ya kubatizia mtoto. Mama mmoja mgonjwa alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Jina lake lilisomwa katika orodha ya wadeni, halikutajwa katika sala. (Mchango si dhambi, sisi mapadri twala kwa mchango huo.) Shirika namna hii haiwezi kumvuta jirani asiye Mkristu, naye asikia kila kitu kupitia ukuta.

Kwa hiyo twawashauri waseminari wanaokwenda stage wakichukue kitabu hiki, wasikichukue kama sheria. Wasome habari ya kushindwa kwa padri pamoja na wakubwa wa shirika na makatekista, na wasome kwa Kiswahili. Tempels aliandika Kifransa, lakini uzima, uzazi na mapendo aliyasikia kwa lugha ya watu wa kampi. Kiisha wamwulize yule mama wa nyumba ya tatu yeye atamani nini, wangoje jibu lake, hata kama karatasi za michango hazijajazwa jioni ile.