Zohali ni Ipi? Tahakiki ya Majina ya Sayari za Mbali

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara juu ya vyombo vya kuchunguza anga za mbali, limo moja linaloonekana jepesi: Je, kuna chombo kilichowahi kuizunguka sayari ya Zohali? Mwalimu mmoja aweza kujibu kuwa kipo, nacho ni Cassini, kilichofika huko mwaka 2004 na kuizunguka hadi tarehe 15 Septemba 2017, kilipotumbukizwa katika hewa yake kikateketea. Mwalimu wa pili aweza kujibu kuwa hakuna. Kwamba Zohali imefikiwa na chombo kimoja tu, Voyager 2, kilichopita kando yake tarehe 24 Januari 1986 na kuendelea na safari. Walimu wote wawili wanaijua elimu ya nyota barabara. Kinachowafarakanisha ni istilahi.

Wajuzi wa falaki wa mwambao wetu walizijua tangu zamani sayari tano zionekanazo kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Majina hayo yalitoka katika Kiarabu, nayo yamekwisha kuota mizizi kwetu. Zohali ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika hesabu hiyo. Ndiyo Saturn ya Wazungu. Uranus haikuwa na jina, kwa kuwa ilitambuliwa mwaka 1781 tu, William Herschel alipoiona kwa darubini. Neptune ilifuata mwaka 1846 na Pluto mwaka 1930.

Walioandaa orodha za kisasa kwa ajili ya shule walikabiliwa na upungufu wa majina, na nia yao ya kuepuka majina ya kigeni ilikuwa njema. Lakini katika baadhi ya orodha zilizoenea, Saturn imeitwa Sarateni, na Zohali, jina lake la asili, limehamishiwa Uranus. Neptune imepewa Kausi, ambalo ni jina la buruji ya Mshale. Utaridi, sayari iliyo karibu kuliko zote na jua, imenyang'anywa jina lake likapewa Pluto iliyo mbali kabisa. Nayo yenyewe ikaitwa Zebaki, jina la madini ya majimaji, kwa sababu tu Kiingereza huviita vitu hivyo viwili kwa neno moja. Hapa hatukuunda istilahi. Tumefasiri ajali ya lugha nyingine.

Yamkini msomaji atasema kuwa jina ni jina tu, mradi watu waelewane. Tungekubali, lau wangeelewana. Mwaka 2006 wanafalaki wa kimataifa waliamua kuwa Pluto ihesabiwe kuwa sayari kibete. Mwandishi anayefuata orodha hizo ataandika kuwa Utaridi si sayari kamili tena; na msomaji aliyelelewa katika majina ya kale ataamini kuwa jirani wa jua ndiye aliyeshushwa cheo. Vivyo hivyo, chombo New Horizons kilipita karibu na Pluto mwezi Julai 2015, ilhali chombo Messenger kilimaliza kazi yake ya kuizunguka Mercury mwezi Aprili mwaka huo huo. Vyombo viwili, pande mbili za mbali za mfumo wa jua, mwaka mmoja: na gazeti letu lingeweza kusema kwamba vyote vilikwenda Utaridi.

Wala maelezo ya ziada hayatuokoi daima. Kusema "Zohali, sayari yenye pete" hakutoshi, kwani mwaka 1977 iligunduliwa kuwa Uranus nayo ina pete. Saturn huzunguka jua kwa muda wa miaka 29 hivi, Uranus kwa miaka 84. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja na kutahiniwa kwa kingine atakosa alama katika jambo analolijua, na hatajua kosa lake ni lipi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, majina matano ya kale yarudishiwe wenyewe: Utaridi iwe Mercury, Zohali iwe Saturn. Pili, zile zilizogunduliwa kwa darubini ziitwe Uranusi, Neptuni na Pluto, kwa matamshi yetu. Hakuna aibu kukopa jina la kitu ambacho hatukuwa nacho. Aibu ni kukopa bila haja na kuliacha la kwetu likizurura. Hadi hapo tutakapokubaliana, kila mwandishi wa sayansi hana budi kumweleza msomaji, mwanzoni mwa kazi yake, ni Zohali ipi anayoikusudia.