Mgonjwa Anayelisha: Ayala na Sungura katika Maandishi ya William Cowper

Katika kitabu cha tatu cha The Task, shairi refu lisilo na vina lililochapishwa mwaka 1785, William Cowper anajisawiri kama ayala aliyechomwa mishale, akajitenga na kundi lake ili akafie kivulini. Huko anakutwa na mmoja ambaye naye alikwisha kujeruhiwa na wapiga mishale. Huyo, ambaye bila shaka ni Kristo, anamchomoa mishale na kumponya. (Neno ayala wasomaji wengi wa Kiswahili wamelipata katika Zaburi. Mnyama mwenyewe hayumo katika misitu ya Afrika Mashariki, na kumwita paa au kulungu ni kumhamisha makazi.) Taswira hii imesifiwa sana, na ni haki yake. Hata hivyo, kuichukua kuwa ndiyo kauli kuu ya mshairi huyu juu ya kuugua na kupata nafuu ni kosa. Kauli nzito zaidi imo katika maandishi ya nathari ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa kisa cha kufurahisha tu: barua aliyoipeleka kwa jarida la The Gentleman's Magazine, ikachapishwa Juni 1784, kuhusu sungura watatu aliowafuga nyumbani kwake Olney.

Cowper, aliyezaliwa mwaka 1731, aliugua maradhi ya akili kwa vipindi virefu. Baada ya shambulio la kwanza la mwaka 1763 alitunzwa katika nyumba ya wagonjwa ya Daktari Nathaniel Cotton mjini St Albans. Mwanzoni mwa mwaka 1773 alishikwa tena, akaamini kwamba Mungu amekwisha kumhukumu. Alikaa zaidi ya mwaka mzima katika nyumba ya kasisi John Newton, akiuguzwa na Mary Unwin, kabla ya kurejea kwake mwaka 1774. Wakati huo, anavyoeleza katika barua, hakuweza kustahimili mazungumzo wala vitabu, na bado alihitaji kitu cha kuyashika mawazo yake bila kuyachosha. Watoto wa jirani walikuwa wamepewa kitoto cha sungura wakichezee. Kwa kuwa walijua zaidi kumsumbua kuliko kumlisha, mnyama akawa anakonda siku hata siku, na baba yao akamtoa kwa Cowper. Habari zikaenea, watu wakamletea sungura wengi kuliko alivyoweza kutunza. Akabaki na watatu: Puss, Tiney na Bess, wote madume licha ya baadhi ya majina hayo kuwa ya kike.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kuacha kando Sungura wa hekaya, yule mjanja anayemlaghai Simba na Fisi na asiyehitaji msaada wa kiumbe yeyote. Sungura wa Cowper ni mnyama wa porini anayewindwa kwa mbwa. Anapofungiwa ndani, uhai wake hutegemea kabisa mkono wa anayemlisha.

Na juu ya kulisha barua hii imesheheni mambo. Cowper anataja mimea wanayoipenda, ikiwamo saladi na magugu ya jamii ya mchunga. Anataja mchanga mweupe laini ambao sungura huula, na majani makavu ya nafaka. Majira ya baridi yanapoingia na mboga kuwa adimu, anawachanganyia mkate na vipande vyembamba vya karoti, kisha anaongeza maganda ya tufaha yaliyomenywa yakawa membamba mno, kwa sababu ganda wanalipenda lakini tufaha lenyewe linawachukiza. Hapa pana mtu ambaye muda mfupi uliopita hakuweza kusoma ukurasa mmoja, naye amegundua kwa kutazama kile ambacho mnyama anakikataa. Nathari yake inabadilika sawia na kazi hiyo: sentensi ni za mtu anayetoa taarifa, hazina istiari, na nafsi inayougua haitajwi tena baada ya mistari ya mwanzo. Katika taswira ya ayala mgonjwa ni mtendwa tangu mwanzo hadi mwisho: anachomwa, anakutwa, anachomolewa mishale, anaponywa. Katika barua mgonjwa ndiye mtenda.

Tofauti hiyo inazidi kukolea Puss anapougua. Cowper anamtenga na wenzake kwa siku tatu, anamuuguza, anamtafutia mimea ya namna mbalimbali mpaka anapona. Sungura anamlamba mkono, kwanza mgongo wa kiganja, kisha kiganja chenyewe, kisha kila kidole na baina ya vidole, pasipo kuacha sehemu hata moja. Ni rahisi kuishia hapa na kusema kwamba wema umelipwa. Barua lakini inaendelea hadi kwa Tiney. Huyu naye aliuguzwa, kwa mafanikio yale yale, wala hakulainika. Akiguswa alikoroma, alipiga kwa miguu ya mbele, aliruka na kuuma. Alilishwa hivyo hivyo mpaka alipofikia umri wa miaka 9. Na ni Tiney huyu, asiyeshukuru, ambaye alitungiwa tanzia ya Kiingereza mwaka 1783, ambayo ndani yake mshairi anakiri ukali wa mnyama wake na kumlilia vile vile. Uteuzi huo wa mlengwa una maana kubwa kuliko beti zenyewe.

Uzito wake unaonekana vyema barua hii inapowekwa kando ya kisa cha Sultani Darai, kimojawapo cha visa vya Unguja alivyovichapisha Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870. Humo masikini anayechokora jaani anamnunua paa kwa fedha yake ya mwisho, anagawana naye punje za mtama, na paa anamtajirisha. Hatimaye paa anaugua. Tajiri mpya anaamuru apewe uji wa mtama duni, na paa anakufa kwa uchungu wa kudharauliwa. Mwenye kisa anarudi jaani. Msanii wa Unguja ameona jambo ambalo wapenzi wa wanyama hulisahau: aliyelisha wakati wa shida anaweza kukataa kulisha wakati wa neema, na mtihani wake huja pale mnyama anapokuwa hana faida tena. Lakini kisa hicho kinaadhibu, maana paa wake alikwisha kulipa. Tiney hakulipa kitu, na bakuli lake halikupunguzwa. Katika hili barua inakwenda mbele ya kisa.

Yamkini itapingwa kwamba Cowper alijilisha mwenyewe kwa kuwalisha sungura. Pingamizi hili lina nguvu. Bess alikufa mapema kwa kulazwa ndani ya sanduku lililooshwa likiwa bado na unyevu, na Cowper halifichi jambo hilo. Wataalamu wa wanyamapori wa leo nao huwaonya watu wa nchi za baridi wasiwamwagie ayala nafaka katika theluji: tumbo lililozoea vijiti na magome huweza kudhurika kwa chakula hicho cha ghafla, na kukusanyika mahali pamoja hueneza maradhi. Huruma isiyotazama huua. Ndiyo maana ganda lile la tufaha lina thamani kubwa katika uhakiki huu kuliko ulimi wa Puss.

Wala sungura hawakumponya Cowper. Mwaka 1787 alizama tena, na The Castaway, shairi la mwaka 1799 juu ya baharia anayezama peke yake, halina mponyaji yeyote wa kumchomoa mtu mishale. Kati ya giza la kwanza na la mwisho kulikuwa na asubuhi nyingi za kumpeleka Puss bustanini baada ya kiamshakinywa, ajifiche chini ya majani ya matango. Puss akitaka kutoka alipigapiga goti la bwana wake kwa miguu, au kumvuta upindo wa koti kwa meno. Katika karatasi za Cowper ilikutwa kumbukumbu fupi ya Machi 1786: Puss amekufa mchana, kwa uzee tu, pasipo dalili ya maumivu, akiwa na umri wa miaka 11 na miezi 11.